Tarehe kwenye pakiti ni nusu ya habari: jinsi dawa zinavyoharibika kabla ya siku zake

Siku hizi mnunuzi wa dawa nchini Uganda hadanganyiki kirahisi. Awe Arua, Busia au katika maduka ya William Street mjini Kampala, akikabidhiwa pakiti huigeuza, akatafuta herufi EXP, akasoma mwezi na mwaka, ndipo akatoa pesa. Ni tabia njema. Ila kuna mstari mwingine, mara nyingi uko pembeni kidogo tu ya ile tarehe, ambao karibu hakuna anayeusoma: hifadhi chini ya nyuzi 30, mahali pakavu, mbali na mwanga. Pakiti ikishakaguliwa kwa makini hivyo, inapelekwa kukaa juu ya friji, kwenye dirisha la jikoni, au ndani ya mkoba unaoning'inia kwenye boda kutwa nzima.

Mistari hiyo miwili huenda pamoja. Tarehe ni ahadi ya mtengenezaji, na maneno ya hifadhi ndiyo sharti la ahadi hiyo. Sharti likivunjwa, tarehe inabaki wino tu. Dawa inaweza kuwa imebakiza mwaka mzima kwa mujibu wa pakiti, na ndani yake imekwisha dhoofika. Na kinyume chake pia hutokea, kama tutakavyoona.

Tarehe hutoka wapi

Kiwanda hakikisii. Kabla dawa haijasajiliwa, vidonge vikiwa ndani ya pakiti ile ile itakayouzwa huwekwa katika makabati maalumu ambamo joto na unyevunyevu wa hewa vimedhibitiwa, kisha kila baada ya miezi kadhaa vichache hutolewa na kupimwa: kiini cha dawa kimebaki kiasi gani, kuna kemikali ngeni zilizozaliwa humo, kidonge bado kinayeyuka ipasavyo? Dunia imegawanywa katika kanda za hali ya hewa kwa ajili ya kazi hii. Dawa ya kuuzwa nchi za baridi huweza kupimwa katika nyuzi 21 au 25 za Selsiasi. Kwa nchi za joto na unyevu kama zetu za Afrika Mashariki, kipimo ni nyuzi 30, na hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 65, au 75 kwa maeneo yenye unyevu mwingi zaidi. Sambamba na hilo huendeshwa jaribio la mateso: nyuzi 40 na unyevunyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6, ili kuona mapema ni wapi dawa itavunjikia.

Kutokana na vipimo hivyo mtengenezaji hutaja muda ambao ana uhakika kwamba dawa itabaki ndani ya viwango, kwa kawaida si chini ya asilimia 90 ya kiasi kilichoandikwa. Muda huo ndio unaogeuka kuwa tarehe. Ikiandikwa 05/2027 bila siku, maana yake ni mpaka siku ya mwisho ya Mei. Mwezi wa Juni ukiingia dawa haigeuki sumu usiku wa manane. Kilichokwisha ni dhamana.

Wapo wanaojua hili na wanalitumia vibaya. Jeshi la Marekani, likiwa na maghala makubwa ya dawa lisizotaka kuzitupa, lilianzisha mwaka 1986 mpango wa kupima upya dawa zilizokaribia kuisha muda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalihusu aina 122 za dawa na shehena zaidi ya 3,000: asilimia 88 ya shehena hizo ziliongezewa muda, kwa wastani wa miezi 66 baada ya tarehe yake. Takwimu hizi huzunguka mitandaoni kama ushahidi kwamba tarehe ni ujanja wa wafanyabiashara. Anayezisambaza husahau kusema dawa zile zilikuwa wapi: pakiti hazijafunguliwa, ghala lina kipimajoto, hewa imedhibitiwa. Hazikuwa kwenye rafu ya mbao chini ya bati huko Adjumani mwezi wa Februari. Kwangu mimi utafiti ule unathibitisha hoja ya makala hii kuliko ya wanaoutaja: hifadhi nzuri ina uzito kuliko kalenda. Na hata katika ghala lile, shehena za dawa ile ile zilitofautiana, nyingine zikadumu na nyingine zikashindwa, kwa hiyo mtu wa nyumbani asiye na maabara hawezi kujua yake iko kundi gani. Dawa iliyopita tarehe usiitumie. Ila ujue sababu: mara nyingi hofu ni kwamba haitakuponya. Kwamba itakudhuru yenyewe ni jambo la nadra. Mfano unaorudiwa vitabuni ni wa tetrasaiklini ya zamani iliyoharibika, ambayo mwaka 1963 iliripotiwa kudhuru figo za wagonjwa.

Joto, maji, mwanga, hewa

Kidonge kinaonekana kama kitu kilichotulia. Ndani yake molekuli zinaendelea kuvunjika polepole tangu siku kilipotengenezwa, na kinachoamua kasi ni mazingira.

Joto ndilo la kwanza. Wanakemia wana kanuni ya makadirio: joto likipanda nyuzi 10, kasi ya mabadiliko mengi ya kikemia huongezeka karibu maradufu. Dawa iliyokusudiwa kudumu miaka miwili katika nyuzi 30 inaweza kupoteza nusu ya muda huo ikikaa nyuzi 40 mfululizo. Na hapa kuna jambo linalowapita wengi: joto la mchana na baridi ya usiku havifidiani. Saa chache za nyuzi 42 alasiri huharibu zaidi ya kile ambacho nyuzi 20 za alfajiri zinaokoa, kwa sababu kasi haipandi kwa mstari ulionyooka. Ndiyo maana wenye maghala hawatumii wastani wa kawaida wa joto. Hutumia hesabu inayozipa saa za joto kali uzito mkubwa zaidi.

Kwa Uganda hesabu hiyo ina jiografia yake. Kabale mwenye dawa hana wasiwasi mkubwa wa joto. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na nje kivulini joto halivuki 30 mara nyingi. Lakini hakuna anayehifadhi dawa nje kivulini. Gari lililoegeshwa juani na vioo vikiwa vimefungwa hupita nyuzi 50 ndani. Chumba kidogo chenye paa la bati bila dari, dirisha moja, mlango umefungwa kwa sababu wenyewe wameenda sokoni, hupata joto kuliko hewa ya nje. Ukienda West Nile, Acholi au Karamoja kati ya Desemba na Machi, hata nje penyewe ni zaidi ya 30. Nyumba ya nyasi, ile tunayoiona ya kizamani, hukaa na ubaridi kuliko ya bati. Shida yake ni panya, mchwa na matone ya mvua.

Na dawa haikuanza safari yake dukani. Nyingi zinatoka nje, hasa India, zinapakuliwa Mombasa, zinapanda lori, zinasubiri foleni Malaba au Busia. Kontena la chuma juani ni tanuri. Zikifika, za serikali zinapitia Bohari ya Taifa ya Dawa, NMS, yenye mzunguko wa kupeleka vituoni kila baada ya miezi miwili. Za mashirika ya dini na nyingine nyingi zinapitia Joint Medical Store pale Nsambya, iliyoanzishwa mwaka 1979. Hatua ya mwisho inaweza kuwa sanduku la mhudumu wa afya wa kijiji, VHT, nyuma ya baiskeli. Kila hatua imekula sehemu ya muda wa dawa kabla haijafika mkononi mwako. Huwezi kuurudisha. Unaweza kuacha kuongeza hasara.

Adui wa pili ni maji, na kwa vidonge vingi yeye ndiye mbaya kuliko joto. Aspirini ni mfano ambao mtu anaweza kuunusa. Ikipata unyevu huvunjika na kurudi kuwa tindikali mbili zilizoiunda, moja ikiwa ile ile inayopatikana katika siki. Kopo la aspirini likinuka siki unapolifungua, pua yako imefanya kazi ya maabara: tupa. Amoksilini nayo ina umbo la pete ndani ya molekuli yake, na pete hiyo ndiyo inayoua bakteria. Maji huipasua. Ndiyo sababu dawa ya maji ya mtoto haiuzwi ikiwa maji. Unapewa chupa ya unga yenye alama, unaongeza maji yaliyochemshwa yakapoa, na tangu dakika hiyo saa mpya imeanza kuhesabu. Tarehe iliyo kwenye chupa haikuhusu tena. Kutegemea aina, una siku 7 mpaka 14, na nyingine zinadai friji kwa muda wote huo. Mama anayebakiza nusu chupa ya mwezi uliopita ili aitumie mtoto akikohoa tena, huku akionyesha kwamba EXP bado iko mbali, amesoma tarehe ya unga, na alichonacho si unga tena. Ni kwa sababu hii pia kwamba VHT wanaotibu nimonia vijijini hupewa amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka kijikoni, kidonge kimoja kwa wakati wake.

Mwanga huathiri dawa chache, lakini kati ya hizo chache kuna ambazo zimejaa mitaani. Nifedipini ya shinikizo la damu ni mojawapo. Huharibika haraka sana ikipigwa na mwanga, ndiyo maana hufungwa katika karatasi isiyopenya nuru. Mzee anayevitoa vidonge vyake vyote na kuvipanga kwenye kikopo cha plastiki angavu dirishani, ili asisahau, ana nia nzuri, na shinikizo lake linaweza kupanda huku anaapa kwamba hajakosa dozi hata siku moja. Hewa nayo, yaani oksijeni, hufanya kazi yake kimyakimya. Adrenalini ya sindano ikigeuka rangi ya waridi au kahawia, imekwisha.

Usitegemee macho lakini. Kidonge kilichobadilika rangi, kapsuli zilizogandamana, dawa ya maji iliyojitenga tabaka ambayo haichanganyiki hata ukiitikisa, hizo ni dalili za kutupa. Kutokuwepo kwa dalili hakuthibitishi chochote. Dawa nyingi hudhoofika zikiwa zimependeza vile vile.

Kopo linalopiga kelele

Kuna suala moja ambalo mabango ya afya hulipita kwa sentensi moja, nami nadhani linastahili zaidi. Watu wanaotumia ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hasa ule mseto wa kidonge kimoja kwa siku unaoitwa TLD, hupewa makopo ya plastiki yenye vidonge 30, 90 au hata 180. Kopo hilo lina tabia mbili: linajulikana, na linalia. Mtu akitembea nalo kwenye mkoba, vidonge vinacheza, na jirani aliyekaa naye kwenye taksi anajua. Basi wengi hutoa vidonge wakiwa bado kwenye geti la kituo cha afya, wanavifunga kwenye karatasi ya choo au kaveera, yaani mfuko wa plastiki, na kopo linabaki kwenye pipa la taka.

Si uzembe huo. Ni watu wanaolinda siri yao, ndoa yao, kazi yao. Lakini kemia haijui unyanyapaa. Ndani ya kopo lile kuna kipakiti kidogo cha chembechembe zinazonyonya unyevu, kilichowekwa kwa sababu maalumu: tenofoviri, moja ya dawa tatu zilizo katika kidonge, imeunganishwa na sehemu ambayo maji huikata, na ikikatwa mapema dawa haifyonzwi vizuri tumboni. Kaveera haizuii unyevu kama kopo lenye kifuniko kinachobana. Karatasi ya choo ndiyo inayouvuta. Kwa mtu wa Entebbe au Jinja, ambako hewa ya ziwa ni nzito mwaka mzima, vidonge vya miezi mitatu vilivyofungwa hivyo viko mashakani.

Njia ya katikati ipo. Kopo libaki nyumbani, limefungwa, kipakiti chake kikiwa ndani mpaka kidonge cha mwisho, nawe utembee na vichache tu vya siku chache katika kikopo kidogo kikavu chenye kifuniko. Ukilizungushia kopo nguo sauti hupungua sana. Kubandua lebo hakuidhuru dawa hata kidogo. Andika tarehe yake chini ya kopo kwanza, na hakikisha hakuna mwingine nyumbani anayeweza kulifungua akidhani ni dawa ya kichwa. Na mwambie musawo wako, yaani mhudumu wa afya, ukweli kwamba kopo ndilo tatizo. Anaweza kukupangia kopo dogo au njia nyingine, ilhali akikuta tu virusi vimepanda katika kipimo atadhani unaruka dozi.

Inafaa kukumbuka kwamba hali ilikuwa ngumu zaidi. Lopinaviri na ritonaviri, zilizokuwa tegemeo la wagonjwa ambao dawa za mwanzo zilikuwa zimewashinda, zilikuja kwanza kama kapsuli laini zinazohitaji friji. Vidonge vinavyovumilia joto viliidhinishwa Marekani mwaka 2005, na hapo ndipo mgonjwa wa kijiji kisicho na umeme alipoanza kuhesabika katika mipango.

Friji haifai kila kitu

Mtu akishaelewa kwamba joto ni adui, hatua inayomjia haraka ni kutia dawa zote kwenye friji. Asifanye hivyo. Kila unapotoa kopo baridi na kulifungua katika hewa yenye joto, mvuke hutanda ndani, na umebadilisha adui mmoja kwa mwingine. Dawa nyingine za maji huweka chembechembe zikipoa sana. Vidonge vya kawaida vinataka kabati kavu la chumbani. Friji ni ya dawa zilizoandikwa nyuzi 2 mpaka 8, na hizo zinadai nidhamu: rafu ya katikati, si mlangoni ambako joto linapanda na kushuka kila mtoto anapotafuta maji, wala si karibu na kile chumba cha barafu. Paa la friji, mahali ambapo nyumba nyingi huweka dawa, ndipo pabaya kabisa, kwa sababu mashine inapoliondoa joto ndani hulimwaga nje, na nyumba yenye friji ndogo hulisikia hapo juu.

Kuganda ni hatari isiyopewa heshima yake. Insulini ni protini, na protini huharibika kama ute wa yai: ukishaupika hauwezi kuurudisha ubichi. Barafu nayo huivuruga vile vile. Insulini iliyoganda ikayeyuka hutupwa, hata ikionekana safi. Chanjo zenye chumvi za alumini, kama ile ya tano-kwa-moja ya watoto, ya pepopunda na ya HPV, kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi, hufa zikigandishwa, wakati chanjo ya matone ya polio yenyewe huogopa joto kuliko zote. Ndiyo sababu chupa nyingi za chanjo zina kiduara chenye mraba ndani yake kinachogeuka rangi kwa joto: mraba ukifikia weusi wa duara, chupa haitumiki. Mzazi ana haki ya kuomba aonyeshwe. Ila kiduara hicho kinasimulia joto tu. Hakisemi lolote kuhusu kuganda.

Kwa mwenye kisukari asiye na friji, habari ni nzuri kuliko alivyoambiwa zamani. Chupa inayotumika tayari inaruhusiwa kukaa nje ya friji karibu wiki 4, kwenye joto la chumba lisilozidi kile kilichoandikwa. Lakini vyumba vyetu huzidi. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto ndani ya nyumba za Dagahaley, moja ya kambi za Dadaab nchini Kenya, wakakuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Waliiga hali hiyo maabara kwa wiki 4, na katika matokeo yaliyochapishwa Februari 2021 insulini ilikuwa na nguvu sawa na iliyokaa kwenye friji. Mapitio makubwa ya mwaka 2023 ya shirika la Cochrane yalifika karibu na hapo: aina kadhaa za insulini ya binadamu, chupa zikiwa hazijafunguliwa, zinaweza kukaa mpaka nyuzi 25 kwa miezi 6, au mpaka 37 kwa miezi 2, bila upungufu wa maana. Hilo si ruhusa ya kuiacha dirishani. Lina maana kwamba mama wa Nakivale au Koboko hana sababu ya kutembea kila siku kwenda kudungwa kituoni kwa sababu tu hana friji.

Na mtungi wa udongo unasaidia kweli. Maji yanayopenya kwenye udongo hukauka nje na kuchukua joto pamoja nayo. Chupa ya insulini iwekwe ndani ya chombo kidogo kikavu kilichofungwa, isiguse maji, na mtungi ukae kivulini penye upepo. Kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo unavyopoza zaidi. Moroto utafanya kazi vizuri kuliko Entebbe, ambako hewa tayari imeshiba maji.

Kuhusu oksitosini, sindano ya kuzuia mama asivuje damu, sina la kumwambia mgonjwa, kwa sababu mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kukagua chupa. Ni la wakunga na wenye kliniki binafsi. Dawa hii hupoteza nguvu kwenye joto bila kubadilika rangi, na kwa miaka mingi lebo zake zilikinzana, nyingine zikiruhusu nyuzi 25 au 30. Mapitio ya tafiti za nchi za kipato cha chini na cha kati yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikuta karibu nusu ya sampuli za oksitosini hazikufikia viwango. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja: yote iwekwe nyuzi 2 mpaka 8. Kituo chenye friji ya chanjo kina mahali pa kuiweka. Mbadala upo pia, kabetosini inayostahimili joto, ambayo hudumu miaka 3 katika nyuzi 30. Ilijaribiwa kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, Uganda ikiwemo, na matokeo yakatoka mwaka 2018.

Dukani na nyumbani

Maduka mengi ya mtaani hukata karatasi ya vidonge kwa mkasi, na tarehe huwa imechapwa upande mmoja tu. Anayenunua vinne anaondoka na vidonge visivyo na jina wala siku. Omba kuonyeshwa karatasi nzima kabla haijakatwa, na uandikiwe jina la dawa, kipimo na tarehe kwenye bahasha. Angalia rafu pia. Duka ambalo jua la alasiri linapiga moja kwa moja kwenye dawa zilizopangwa kwa ajili ya kuvutia macho, leseni yake ya NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, iwe imetundikwa vizuri vipi, lina dawa zilizochoka. Dawa za malaria kama Coartem zikae kwenye karatasi yake mpaka dakika ya kumeza. Ukizitoa zote ili zikae vizuri mfukoni umezivua nguo.

Nyumbani mahali ninapopapenda ni sanduku la bati la shule, lile la mwanafunzi wa bweni, likiwa chini ya kitanda kwenye sakafu ya saruji, ukutani pasipopigwa na jua la magharibi. Sakafu ina ubaridi, dari ina joto. Sanduku lina kufuli, na kufuli ndilo linalotupeleka kwa watoto. Vidonge vyekundu vya madini ya chuma anavyopewa mama mjamzito vimepakwa sukari na vinafanana na pipi. Vikimezwa kwa wingi na mtoto wa miaka miwili vinaweza kumuua, na mara nyingi huyo ndiye mtoto aliyemo katika nyumba ya mama mjamzito. Usimbembeleze mtoto kumeza dawa kwa kuiita pipi. Ukihisi amekula vidonge, kimbia kituoni na kopo lake mkononi, usingoje dalili, usimtapishe.

Dawa ya macho iliyofunguliwa hutupwa baada ya wiki 4, hata ikibaki nusu. Maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari kwa mwenye kuhara, yaliyochanganywa hutupwa baada ya saa 24. Dawa za kuingizwa njia ya haja kubwa zikishayeyuka kisha zikaganda tena, kiini huweza kuwa kimejikusanya upande mmoja, usizikate vipande.

Zilizokwisha muda zirudishwe kwenye famasia au kituo cha afya. Wakizikataa, nazo dawa zenyewe ni chache tu, zitoe kwenye pakiti, zichanganye na majivu au majani ya chai yaliyotumika, zifunge kwenye kitu kisichoonyesha ndani, na jina lako lililo kwenye bahasha ulichane. Zikitupwa jalalani zikiwa nzima kwenye karatasi yake, kuna anayeokota, na ndani ya wiki moja zinaweza kuwa sokoni tena, tarehe ikiwa imekwanguliwa.